Kupiga Picha Ndege wa Pwani, Machi hadi Aprili: Mwongozo Kamili kwa Anayetokea Mombasa

Kila likizo ya Pasaka picha zinazorudi ni zile zile: nukta nyeusi katikati ya tope linalong'aa, mkia wa ndege anayekwenda zake, yangeyange aliyegeuka bonge la weupe lisilo na unyoya hata mmoja. Mwenye picha hulaumu kamera. Mara nyingi kamera haina hatia. Amefika saa nne asubuhi, maji yamekupwa hadi mbali, jua linachoma, kisha ameanza kuwafuata ndege kwa miguu.

Ndege wa pwani hafuatwi. Hungojwa, na anayemleta ni maji. Ukijua maji yatafika wapi saa ngapi, na saa hiyo jua litakuwa upande gani, kazi iliyobaki si kubwa. Ndiyo maana hatua za kwanza hapa hazigusi kamera kabisa.

Msimu wenyewe una faida yake. Machi inapokwisha, ndege waliokaa kwetu tangu baridi ya Ulaya na Asia ianze wanajiandaa kurudi kaskazini, na wengi wameshaanza kuvaa rangi za kuzalia. Yule kitwitwi mwenye mdomo uliopinda (Calidris ferruginea), ambaye Desemba ni wa kijivu asiye na mvuto, huwa mwekundu kama tofali kabla ya kuondoka kwenda Siberia. Vitwitwi wa mchangani hupata kifua cha rangi ya kutu. Mwisho wa Aprili wengi wao wameshakwenda, wamebaki vijana wa mwaka wa kwanza wasio na rangi. Ukiweza kuchagua, chagua wiki mbili za mwisho za Machi na ile ya kwanza ya Aprili.

## Vitu vya kuandaa

Kamera na lenzi. Lenzi ya milimita 300 ndiyo ya chini kabisa. 400 hadi 600 ndiyo ya kazi. Hesabu ni hii: kwa kamera yenye sensa ndogo (sensa ni kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga; ndogo ni ile ya upana wa milimita 23 au 24) na lenzi ya milimita 400, fremu kwa umbali wa mita 20 inashika upana wa mita 1.2 hivi. Sululu, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, ana urefu wa sentimita 40 na kidogo, basi atajaza thuluthi ya fremu, na hiyo inatosha. Kitwitwi wa sentimita 20 atataka mita 10 kupata ukubwa huo huo. Mwenye sensa kubwa ya milimita 36 asogee karibu zaidi, au aongeze lenzi.

Kamera ya zumu ndefu isiyobadilishwa lenzi inafaa pia, mradi uiegemeze juu ya kitu. Simu peke yake haitoshi. Simu iliyobanwa kwenye jicho la darubini ya 8x42 hutoa picha nzuri za ndege aliyetulia, lakini ya anayeruka usiiwazie.

Betri mbili na kadi mbili. Kupiga mfululizo hula vyote viwili upesi, na ufukweni hakuna pa kuchaji.

Kitu cha kukalia. Gunia tupu la nailoni, lile la mchele au la sukari, ni bora kuliko mkeka: halinyonyi maji na tope linaoshwa kwa dakika moja.

Mfuko mdogo wa mchanga. Shona kitambaa, jaza mchanga mkavu kilo moja na nusu hivi, funga. Juu yake unalaza lenzi ukiwa umekaa au umelala kifudifudi. Stendi ya miguu mitatu ni nzito, huzama topeni, na humweka mtu juu mno.

Nguo. Rangi ya tope, majani makavu au kijivu, mikono mirefu. Kofia yenye ukingo. Leso nyekundu na fulana nyeupe zibaki nyumbani.

Viatu vya kufunga. Raba kuukuu zenye kamba. Ndara hubaki kwenye tope la mikoko, na mizizi ya mikoko iliyochomoza juu hutoboa mguu. Mwambani ni hivyo hivyo, matumbawe yana makali.

Vitambaa viwili vya pamba, kimoja cha kulowesha maji baridi yasiyo na chumvi na kimoja kikavu. Mfuko usiopitisha maji, wa kuzibika kabisa. Maji ya kunywa kwenye chupa ya kudumu: tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi na fukwe za Kenya, na mlangoni utaambiwa uziache.

Droni iache. Inahitaji kibali, na inawarusha ndege wote wa hori (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu) kwa dakika moja.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa maji

Maji yakikupwa, ndege wametawanyika juu ya eneo la kilomita nzima, kila mmoja na tope lake. Yakianza kujaa, tope linapungua na wao wanasogezwa pamoja kuelekea nchi kavu, wakila kwa haraka kabla chakula hakijafunikwa. Saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa kabisa, ndege waliokuwa mita 400 wako mita 20, na hawana habari nawe kwa sababu wana njaa. Hiyo ndiyo nafasi yako ya kwanza.

Nafasi ya pili ni maji yanapoanza kutoka. Tope la kwanza kufunuliwa ni lile lililo karibu na nchi kavu, na ndege walioshinda na njaa huliteremkia papo hapo.

Mombasa ina kawaida moja inayorahisisha hesabu. Siku za bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mchanga, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kutoka hapo:

- Siku 1 hadi 3 baada ya mwezi mpevu: maji hujaa kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na mbili na robo alfajiri. Asubuhi utawapata ndege maji yakitoka. Jioni, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, utawapata yakijaa.
- Siku 4 hadi 6 baada ya mwezi mpevu: maji hujaa kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Utawapata yakijaa, jua likiwa chini bado. Hizi ndizo siku bora za asubuhi.
- Siku ya 7 na ya 8: maji mafu. Maji hayafiki mbali wala hayakupwi mbali, tope halifunikwi vizuri, na ndege hawana sababu ya kuja kwako. Fanya mazoezi, au nenda kwenye mabwawa.

Baada ya mwezi kuandama hesabu ni hiyo hiyo, ila punguza siku moja, kwa kuwa mwezi unapoonekana umeshazaliwa jana au juzi.

Hesabu hii ni ya kupangia safari tu. Dakika zenyewe zitafute kwenye jedwali la maji la Kilindini, na hapo kuna mitego miwili inayowaangusha watu wengi kuliko tope. Wa kwanza: jedwali huandika saa za kizungu. 08:40 ni saa mbili na dakika arubaini asubuhi, na aliyesoma vibaya amepishana na maji kwa saa sita, yaani atafika yamekupwa kabisa. Wa pili: baadhi ya programu za simu huonyesha saa za Greenwich, ongeza saa tatu.

Ndani ya hori maji huchelewa kuliko baharini, kwa sababu mlango ni mwembamba. Kiasi gani, wanaojua ni wavuvi wa pale. Fika jana yake, mwamkie mzee unayemkuta akishona wavu, kisha uliza: "Kesho maji yanafika kwenye mikoko saa ngapi?" Jibu lake lina thamani kuliko programu.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi yenye tarehe, saa ya maji kujaa, na saa utakayokuwa umeshakaa, ambayo ni muda wa saa tatu na nusu kabla ya maji kujaa, au alfajiri kukiwa na giza bado kama alfajiri ndiyo iliyo karibu zaidi na maji kujaa.

## Hatua ya 2: Chagua mahali kwa jua na upepo

Machi jua letu huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu, likitokea mashariki kamili, na hupanda wima. Mwanga laini huisha saa mbili na nusu. Jioni hurudi saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili na robo.

Sasa tazama ramani. Fukwe za Nyali, Bamburi na Shanzu zinaelekea mashariki. Asubuhi ukisimama mchangani kutazama bahari, jua liko usoni mwako na kila ndege ni kivuli cheusi. Hakuna mpangilio wa kamera utakaoponya hilo. Ufukwe wazi ni wa jioni, na hata jioni, kuanzia saa kumi na moja vivuli vya minazi na hoteli huwa vimelala mchangani. Juu ya hayo, Pasaka pale kwenye ufukwe wa umma ngamia, mipira na watoto hawamwachii kitwitwi nafasi ya kutua.

Asubuhi ni ya mahori. Kaa ukingo wa mashariki, tazama magharibi, jua liwe kisogoni.

Upepo nao unasaidia upande huo huo, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Ndege wa pwani husimama wakielekea upepo, na huruka na kutua wakielekea upepo. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki. Kusi, inayoingia Aprili, inatoka kusini mashariki. Zote zina mashariki ndani yake. Basi ukiwa mashariki mwa ndege asubuhi, jua linamwangazia yeye na upepo unamgeuzia uso kwako. Jioni ni kinyume: jua linakutaka uwe magharibi, na upepo unakupa mkia. Dawa ya jioni ni kukaa pembeni, kusini magharibi au kaskazini magharibi mwa kundi, upate ubavu.

Sehemu zinazofaa:

Hori la Mida, karibu kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa kwenye barabara ya Malindi, kabla ya kufika Gede. Hapa ndipo pa kwenda ukiwa na siku moja tu. Kuna daraja la mbao na kamba linalopita katikati ya mikoko na kuishia kwenye kibanda cha kuchungulia kinachotazama tope. Ada ya kuingia huchangia karo ya watoto wa sekondari wa vijiji vya jirani. Ndege anayewaleta watu kutoka mbali ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mzito wa kuvunjia kaa (Dromas ardeola). Hukaa kwa makundi, na huanza kuondoka Aprili kwenda kuzaa pande za Ghuba na Uarabuni. Kwenye mikoko yake keremkerem wekundu hulala kwa makundi hadi mwisho wa kaskazi. Daraja linayumba: mtu mwingine akitembea, acha kupiga mpaka atulie.

Mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi. Shakwe na buabua kwa wingi kwenye mafungu ya mchanga. Ni mbali kwa safari ya siku moja, lala Malindi.

Mahori ya Mtwapa na Tudor. Karibu na mjini, ndege wachache zaidi, mdiria wa mikoko, yangeyange, sululu. Hapa njia bora ni mtumbwi. Ukiwa majini unachagua mwenyewe upande wa jua. Patana na nahodha kabla ya kupanda: akifika mita 60 aache kupiga kasia na mtumbwi uelee wenyewe. Vaa jaketi la kuokolea, na kamera iwe shingoni muda wote.

Haller Park na Nguuni, zote pande za Bamburi. Mabwawa ya maji baridi, ndege waliozoea watu. Ni mahali pa kujifunzia siku ya maji mafu.

Onyo moja lisilohusu ndege: usielekeze lenzi kwenye kivuko cha Likoni, bandari ya Kilindini wala kambi ya jeshi la wanamaji Mtongwe, hata kama shakwe ametua juu ya mlingoti wa meli. Lenzi ndefu inaonekana kutoka mbali na maelezo yako hayatasikilizwa haraka. Kwenye mahori ya mjini msiende chini ya wawili, na mwenyeji awe mmoja wenu.

## Hatua ya 3: Jifunze kwa kunguru

Kabla ya safari, tumia siku mbili tatu na kunguru wa mtaani. Mombasa hawakosekani. Kunguru anatembea, anaruka ghafla, anageuka hewani, na hatakukimbia mbali. Mwenye kuweza kumshika kunguru anayepaa kutoka kwenye jaa, jicho likiwa kali, ataweza sululu.

Unachojifunza ni mkono: kumpata ndege ndani ya lenzi bila kumtafuta. Kaza macho yako kwa ndege, kisha inua kamera ije machoni bila kuacha kumtazama. Anayeangalia kamera kwanza, halafu ndani ya lenzi, huona mbingu tupu.

Umefaulu ukiweza kufanya hivyo mara nane kwa kumi.

## Hatua ya 4: Panga kamera ukiwa nyumbani

- Kasi ya shata (muda wa kuingiza mwanga, kwa sehemu za sekunde): 1/500 kwa aliyesimama tuli, 1/1000 kwa anayekula huku akitembea, 1/2000 kwa anayeruka, 1/3200 kwa buabua anayejitupa majini. Ukiwa mtumbwini usishuke chini ya 1/2000. Ukiwa na shaka, weka 1/1600 uache hapo.
- Tundu la lenzi: f/5.6 mpaka f/8. Kwa milimita 400, mita 10, f/5.6, eneo linalokuwa kali ni kama sentimita 14 tu kutoka mbele hadi nyuma. Sululu akikuelekea, jicho litakuwa kali na ncha ya mdomo itapotea. Karibu hivyo, f/8.
- ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga): ya kujipanga yenyewe, kikomo 3200, au 1600 kwa kamera ya zamani. Chengachenga kidogo husafishika. Ndege aliyetikisika hasafishiki.
- Fokasi: ile ya kufuatilia bila kukoma, kwa nukta moja au kundi dogo la nukta. Ukiiachia kamera fremu nzima, itashika mizizi ya mikoko iliyo mbele. Kama kamera yako inatambua jicho la ndege, iwashe.
- Mfululizo: piga kwa vipindi vifupi vya picha tatu hadi tano. Anayebonyeza bila kuachia hujaza kumbukumbu ya kamera, na ndege anapaa wakati kamera bado inaandika.
- Aina ya faili: RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. Weupe wa yangeyange unaokolewa hapo kama haukuungua kabisa.
- Zima sauti zote na ile taa ya kusaidia fokasi.

### Weupe na weusi

Hapa ndipo picha nyingi hufa, kwa hiyo tukae kidogo. Kamera haijui unapiga nini. Inachukua mwanga wa fremu nzima na kujaribu kuufanya uwe wa wastani. Tope ni jeusi na limejaza fremu. Kamera inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na ndege mweupe mdogo aliye katikati anaungua. Basi ndege mweupe juu ya tope jeusi: punguza mwanga kwa kitufe cha +/− hadi −0.7 au −1. Ndege mweupe amejaza fremu nzima, kamera itafanya kinyume na kumtia ukijivu: ongeza +0.3 hadi +1. Ndege anayeruka mbele ya mbingu angavu: ongeza +1 hadi +1.7, la sivyo tumbo lake litakuwa jeusi.

Yule mla kaa ana weupe na weusi mwilini mmoja. Linda weupe. Weusi unaweza kuuinua baadaye kwenye kompyuta. Weupe ulioungua hauna kitu cha kurudisha.

Washa onyo la kumetameta linaloonyesha sehemu zilizoungua. Piga moja, tazama, rekebisha, kisha sahau skrini.

## Hatua ya 5: Zuia ukungu

Lenzi iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi, ikitolewa nje alfajiri ya Mombasa, hufunikwa na ukungu papo hapo, ndani na nje. Kuufuta hakusaidii, unarudi. Itachukua nusu saa au zaidi, na hiyo ndiyo nusu saa uliyoamkia.

Laza begi la kamera kwenye veranda au chumba kisicho na kiyoyozi. Ikishindikana, izibe kamera ndani ya mfuko usiopitisha hewa ukiwa chumbani, utoke nayo hivyo, na usifungue mpaka ipate joto la nje. Garini zima kiyoyozi dakika 20 kabla ya kufika.

Wengine huzika kamera kwenye mchele ili ikauke. Vumbi la mchele huingia kwenye viungo vya lenzi. Vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu vinatosha, viwili vitatu ndani ya begi.

## Hatua ya 6: Keti kabla hawajaja

Ndege wanakubali kitu walichokikuta, hawakubali kinachokuja. Fika mapema, tandika gunia mita chache juu ya mstari wa taka na majani ulioachwa na maji ya mwisho, keti au lala. Kuwe na kichaka au mtumbwi nyuma yako, ili umbo lako lisionekane likichomoza juu ya mbingu.

Shusha lenzi hadi sentimita 30 kutoka chini, sawa na jicho la ndege. Sababu si urembo tu. Ukisimama, kilicho nyuma ya ndege ni tope lililo nusu mita tu kutoka kwake, kali na chafu kama yeye. Ukilala, kilicho nyuma yake ni ng'ambo ya hori, mbali, nayo inakuwa rangi laini tupu.

Dakika 20 za kwanza hutaona kitu. Usisogee. Kisha sululu mmoja atatua, na wengine watamfuata kwa kuwa yeye hakuona hatari.

Ikibidi kusogea, jongea kwa makalio, mita moja, kisha tulia dakika mbili. Nenda kwa mshazari, usiende moja kwa moja, wala usimkazie macho. Soma dalili: ameacha kula na kuinua kichwa, umefika mpaka. Ameanza kutembea akienda mbali, umeuvuka. Amechutama na kunya, anaruka sasa hivi. Dalili ya kwanza ikitokea, simama hapo hapo. Ya pili ikitokea, rudi nyuma.

Hili si suala la adabu peke yake. Mwezi huu ndege hawa wanaweka mafuta ya kuwafikisha maelfu ya kilomita, na kila anaporushwa anayachoma. Maji yakiwa yamejaa na kundi limepumzika kwenye fungu la mchanga, kaa mbali kabisa; hawana pengine pa kwenda mpaka maji yatoke. Wala usimwambie mwenzako awarushe ili upate picha ya kundi hewani. Wataruka wenyewe mwewe akipita.

Umefaulu ndege wakila mbele yako bila kuinua vichwa unapobonyeza.

## Hatua ya 7: Piga

Jicho kwanza. Picha ambayo jicho si kali haifai, hata mabawa yaweje. Ngoja kichwa kigeuke kidogo kuelekea kwako, nukta ya mwanga ing'ae jichoni, ndipo ubonyeze.

Acha nafasi mbele ya mdomo. Usikate miguu, wala kivuli chake majini kama kinaonekana chote.

Baada ya picha za kutambulisha ndege, ngojea tendo: kaa anayetolewa topeni, mabawa yanayonyooshwa, wawili wanaogombea. Ndege anayekula kaa kwanza humng'oa miguu kwa kumtikisa. Una sekunde kadhaa, usizimalize kwa kubonyeza mfululizo tangu mwanzo.

Ukiona pete au kibendera mguuni, piga na mguu, herufi zisomeke. Watafiti huzitafuta picha hizo.

Usibadilishe lenzi ufukweni. Chembe moja ya mchanga ndani ya kamera ni safari ya kwa fundi.

## Hatua ya 8: Jua wakati wa kuacha

Kuanzia saa tatu asubuhi, hewa juu ya tope na mchanga uliopata moto huanza kucheza. Picha za mbali zinatoka kama zimepigwa nyuma ya mvuke, na lenzi ya bei ya gari haitabadilisha hilo. Chini ya mita 10 bado unaweza. Zaidi ya hapo funga begi ukanywe chai.

Aliyetembea mwambani maji yakiwa yamekupwa aangalie nyuma yake, si mbele. Maji hujaza kwanza mifereji iliyo kati yako na ufuko, na siku za bamvua bahari yetu hupanda mita tatu hadi nne kutoka kupwa hadi kujaa. Yakianza kugeuka, rudi.

## Hatua ya 9: Ondoa chumvi siku hiyo hiyo

Futa kamera na lenzi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa sana, kisha kwa kikavu. Puliza mchanga kwenye kioo kabla ya kugusa. Ukiufuta mkavu unachora. Begi lianikwe wazi. Chumvi iliyoachwa usiku mmoja hunyonya unyevu na kuanza kula skrubu.

Nakili picha mahali pawili kabla ya kufuta kadi. Chagua kwa kukuza hadi asilimia 100 na kutazama jicho tu. Ukiweka picha ya kiota mtandaoni, ondoa alama ya mahali.

## Picha imeharibika: soma kosa

Ndege na tope vyote vimefifia kuelekea upande mmoja. Mkono umetikisika. Ongeza kasi ya shata, tumia mfuko wa mchanga.

Tope ni kali, ndege kafifia. Ndege alisogea. Kutoka 1/500 nenda 1/1600.

Ndege kafifia, nyasi iliyo mbele yake au nyuma ni kali. Fokasi imekosea. Punguza nukta ziwe moja.

Kila kitu kimefifia kidogo na kingo zinacheza, japo kasi ni kubwa. Hewa ya moto. Sogea karibu au njoo mapema.

Picha za kwanza zina weupe wa maziwa, za baadaye ni safi. Ukungu wa kiyoyozi.

Picha zote ni za mkia. Uko upande mbaya wa upepo, au unawafuata.

Ndege mdogo mno, kila mara. Usikimbilie dukani kununua lenzi. Fungua jedwali la maji, tazama saa uliyopiga picha hizo na saa maji yalipojaa siku ile.